Kwa Mlinzi wa Daraja, Kupitia Springfield

Mwajuma na Teddy, mashosti zangu wa Morogoro, tangu niweke ile picha hamjanipa nafasi ya kupumua. Huyo dada mrefu ni nani, mbona mmeshikana mikono, huko Sterling ulifuata nini. Haya, kaeni vizuri. Nitasimulia kuanzia mlangoni kwetu, na mtu asinirukie mbele. Habari za kuomba ruhusa naziruka, zingewachosha. Mama alikubali kwa sharti kwamba barabara kuu za Virginia nisizivuke bila mtu mzima. Kwa hiyo nilitakiwa kupanda treni hadi Springfield kwa rafiki yangu Divine, kisha mama yake atupeleke Sterling kwa gari.

Kwanza mchezo, maana bila mchezo hamtaelewa kitu. Hauna ubao wala karata. Mnakaa mezani, mmoja anakuwa msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki anajitungia mtu wake. Msimulizi anasema mko wapi na kumetokea nini, wewe unasema mtu wako anafanya nini. Jambo likiwa gumu unarusha dadu yenye pande ishirini, nayo ndiyo inayoamua. Msimulizi wetu ni Jerop, ambaye wazazi wake ni Wakenya wa Eldoret. Divine ni Mkongo wa Lubumbashi, anacheza mganga mwongo. Mimi ni Nangoma, mhunzi wa mapanga mwenye hasira za karibu. Na Chebet, mdogo wake Jerop, anacheza mlinzi wa daraja, mwanamke asiyecheka ovyo.

Nilipofika huku nilikuwa bubu, jamani. Mimi Asteria, niliyekuwa naongoza kelele darasani kwetu, nilikaa nyuma nikiogopa Kiingereza changu. Sote wanne tuliishi jengo moja hapa Adelphi, na siku moja Jerop akanivuta mezani kwao akaniambia nijitungie mtu. Nikiwa Nangoma niliweza kumfokea mfalme. Baada ya miezi michache nikaanza kuwafokea hata wale waliokuwa wananicheka shuleni, kwa Kiingereza hicho hicho. Urafiki wangu wote wa Marekani umetoka pale.

Baadaye familia zikahama, kina Jerop Sterling, Divine Springfield, tukawa tunacheza kwa simu kila Jumamosi. Sasa Jerop anakwenda chuo mbali na hadithi inafungwa. Alisema kikao cha mwisho hakichezwi kwenye kioo cha simu, kila mtu aje akae mezani. Na mimi mwenzenu nilikuwa nampenda Chebet. Si kama ninavyowapenda nyinyi. Nampenda vile Teddy ulivyompenda yule kaka wa duka la vocha, mpaka ukawa unanunua vocha na simu huna. Nimeyaandika, rudieni kuyasoma mkitaka. Nilijiapiza nimwambie siku hiyo kabla hadithi haijafungwa, kwa sababu hadithi ikishakwisha nisingekuwa na kisingizio cha kuwa naye tena.

Kutoka Adelphi

Mama alinipa hotpoti la chapati, amelifunga kwa kanga. Kwa mama yangu, kwenda nyumbani kwa watu mikono mitupu ni aibu ya ukoo mzima. Nikamwambia naenda kucheza dadu, siendi kwenye msiba. Akaniuliza kama wanaocheza dadu hawana njaa, nikalibeba.

Basi la University Boulevard lilichelewa, na nikiwa kituoni nikaanza kufanya mazoezi ya maneno yangu. Chebet, kuna kitu nataka kukwambia. Kila nikifika hapo ulimi unakufa. Dada mmoja aliyekuwa anauza maembe ya kukatwa pembeni, na pilipili yake juu, alidhani nagombana na mtu kwenye simu, akanipa pole kwa kichwa. Nilinunua embe lake kwa ajili ya heshima, nikalimaliza kabla basi halijafika.

Chini ya mji

Treni ilikwenda vizuri hadi katikati ya mji, kisha tukashushwa wote. Reli ya kuelekea Virginia ilikuwa inatengenezwa, tupande mabasi. Foleni ilizunguka jengo. Mbele yangu alisimama bibi wa Kihabeshi, shuka jeupe begani, mfuko mkubwa wa unga miguuni. Alinitazama nywele zangu zilizosukwa kurudi nyuma, akanitazama paji la uso, akaanza kuzungumza nami kwa lugha yao.

Sasa mnajua tulivyolelewa, mtu mzima akiongea humkatizi. Nikawa naitikia kwa kichwa. Tukaingia kwenye basi, tukakaa pamoja, akaendelea, nami nikaendelea kuitikia. Alinimiminia mkononi shayiri ya kukaanga iliyochanganywa na karanga, tamu kweli, na mimi nikafungua hotpoti nikampa chapati. Akala, akafumba macho, akaomba nyingine kwa kidole. Nilijiona nimepata ndugu.

Tulipofika Alexandria bibi akainuka, akaniwekea mfuko wa unga mapajani, akashuka. Kumbe katika kuitikia kwangu kote nilikuwa nimekubali kumbebea mzigo hadi kwake. Ningefanyaje? Nilishuka. Nilipanda ngazi za kwao na ule mfuko huku nalia kimoyomoyo, nikiwaza kwamba mlinzi wa daraja ananisubiri na mimi nabeba unga. Mlango ukafunguliwa na mjukuu wake, dada mkubwa kidogo kuliko mimi. Bibi akasema maneno mengi, mjukuu akanigeuzia kwa Kiingereza kwamba bibi anauliza mimi ni mtoto wa nani pale kanisani kwao.

Nikasema mimi Mtanzania na sikuwa nimeelewa hata neno moja tangu mjini. Mjukuu alicheka mpaka akashika mlango. Bibi alipoelezwa hakuona haya hata kidogo, alisema hata hivyo nimelelewa. Nilijisikia vizuri sana, siwafichi. Ila hotpoti lilibaki pale ndani likifunguliwa na kila mtu wa nyumba ile, na niliporudishiwa halikuwa na kitu, nami sikuwa na uso wa kuuliza chapati ziko wapi. Nilirudi kituoni na kanga na chombo kitupu.

Springfield

Nilifika Springfield nimechelewa vibaya, nikakuta na wao wamekwama. Mama Divine ameajiriwa kumtunza bibi mmoja mzungu, huko huko nyumbani kwa bibi, na mwenzake wa kumpokea zamu hakuwa amefika. Kumwacha mgonjwa peke yake haiwezekani. Divine alikuwa jikoni kwa yule bibi, amenuna, simu mkononi. Jerop alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba wameanza, na kwamba mlinzi wa daraja anaaga mji, anaondoka na msafara wa chumvi asirudi tena.

Maneno hayo yalinikata maini. Nikamvuta Divine pembeni ya jokofu nikamwambia ukweli wote, kwamba nampenda Chebet na kwamba nimekuja kumwambia na ulimi hautaki. Divine hakushangaa hata kwa kusingizia. Aliuliza tu kama nilidhani yeye ni kipofu.

Wakati huo Mama Divine alikuwa anabembeleza. Bibi amegoma kula supu tangu mchana, anafunga mdomo kama mtoto. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda ni Nangoma. Nilitoa dadu yangu mfukoni nikaiweka kwenye sinia lake, nikamwambia sheria: ukipata zaidi ya kumi unakula kijiko, ukipata chini nakula mimi. Akaitazama, akarusha. Alipata kumi na saba, akala. Akarusha tena. Alianza kunishutumu kwamba namwibia vijiko vyake, na bakuli likaisha. Mama Divine alisimama mlangoni na taulo begani, akasema kwa Kiswahili chao kwamba siku zote yeye huimba, husali, hubembeleza, na leo kumbe ilikuwa kazi ya kete moja. Aliniangalia kwa heshima mpya hadi mwenzake wa zamu alipobisha hodi.

Barabara ya Sterling

Pale Springfield barabara kuu zinapindana mpaka huoni gari lako liko juu au chini. Tulikaa kwenye foleni ya magari, Mama Divine akitugawia ndizi za kukaanga kutoka kwenye karatasi, vidole vikiwa vimejaa mafuta. Hapo kwenye kiti cha nyuma ndipo nilipopata wazo, na bado najivunia.

Kwetu mtu hajisemei mwenyewe. Mnakumbuka dada Kolumba alipoposwa, mchumba mwenyewe hata hakufika, alikuja mshenga akazunguka na maneno mpaka wazee wakaelewa. Basi nami nitatuma mshenga. Nangoma atampelekea mlinzi wa daraja posa, ndani ya mchezo, na mganga mwongo ndiye atakayesema. Chebet akicheka, nami nitacheka, yatakuwa ya mchezo. Asipocheka, nitajua. Divine alifurahi kupita kiasi. Nilimfundisha maneno njia nzima, naye akayageuza kila nikimfundisha, mpaka mama yake akauliza kutoka usukani nani anaoa. Tukajibu kwa pamoja kwamba ni mchezo.

Baada ya foleni yakaanza majumba ya kuhifadhia kompyuta za mtandao, makubwa kama maghala ya pamba, hayana madirisha, yanavuma mchana na usiku. Baba yake Chebet anafanya kazi katika mojawapo. Ndege zilikuwa zinashuka juu ya paa za nyumba, chini sana. 

Mezani

Mama Divine alitushusha akaenda zake dukani, na Chebet ndiye aliyefungua mlango. Amerefuka tangu wahame. Alinikumbatia kwa nguvu mpaka hotpoti likanibana mbavu, akaniambia kwa Kiingereza kwamba amemzuia dada yake mezani kwa hila zote, amemfanya mlinzi wa daraja aage hata mbuzi wa mjini ili mimi nifike. Niwaambie kitu kimoja kuhusu Chebet, anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Mama yake humsemesha Kiswahili tangu yuko tumboni, naye hujibu kwa Kiingereza.

Tulikaa. Kwa kuwa pembeni mwa meza kulijaa makaratasi, hotpoti tupu lililofungwa kanga likawekwa katikati kana kwamba lina kitu. Jerop akasema jua linachwea kwenye daraja, msafara uko tayari, kuna mtu ana neno kabla mlinzi hajaondoka? Divine akainuka. Alisafisha koo, akaunganisha viganja, akaanza kwa sauti ya kutosha ukumbi, kwa Kiswahili chao ambacho ua wa nyumba huitwa lupango.

"Wenyeji, sisi tuko batu ba amani. Tumetembea mbali, na njiani tuliona maua mu lupango yenu. Mwenye kututuma hana usingizi. Anaomba, kama maua haina mwenyewe, mumufungulie mlango."

Chebet hakucheka. Aliinamisha macho kwenye dadu zake. Nilikuwa bado natafuta maana ya macho yale wakati sauti ilipotoka mlangoni, ikiuliza ni nani wamekuja na maneno hayo kwa nyumba yake na mzee wa nyumba hayuko.

Alikuwa Mama Jerop, ametoka kazini hospitalini, sare bado mwilini. Aliona nini? Aliona msichana amesimama akiposa kwa lugha ya wazee, na chombo cha chakula kimefungwa kanga juu ya meza yake. Aliweka mkoba chini, akavuta kiti, akakaa. Alisema taratibu kwamba maneno ya aina hiyo hayasemwi mbele ya watoto peke yao, mzazi lazima asikie. Wametumwa kwa msichana gani? Divine, maskini, aliyekuwa bado mganga mwongo, alimwonyesha Chebet kwa mkono. Mama Jerop akasema huyo hajamaliza shule, waambieni waliowatuma wangoje. Halafu akauliza swali ambalo sote tulikuwa tunaliogopa.

"Na kijana mwenyewe ni nani?"

Jerop alifungua mdomo kusema ni mchezo. Nilimwona kabisa. Ningemwacha aseme, tungecheka, tungeendelea, na mimi ningepanda gari kurudi nilivyokuja. Lakini nilikuwa nimebeba unga wa watu, nimelisha bibi wa watu supu, nimevuka mji mzima. Nikapiga moyo konde nikasimama.

"Shikamoo mama. Hakuna kijana. Ni mimi."

Alicheka. Akaziona dadu, akaona na makaratasi, akacheka kicheko kizuri cha mtu aliyechoka, akasema haiya, kumbe mnacheza, mmeniweza. Nilijaribu kucheka naye na uso ukakataa. Alinitazama. Akamtazama Chebet, ambaye naye hakuwa anacheka. Kicheko kikaisha polepole.

Sijui kwenu wangefanya nini. Mama Jerop aliukaza mgongo kwenye kiti na kusema kwamba kwao mgeni wa namna hii hapewi chai hadi msichana aulizwe. Akisema anawajua, wanapewa. Akisema hawajui, wanashukuriwa na kuonyeshwa njia. Akamgeukia binti yake. Sauti yake haikuwa ya mchezo tena, na haikuwa ya ugomvi pia. Ilikuwa sauti ya mtu anayeogopa jibu na anayelitaka.

"Chebet. Hawa watu unawajua?"

Nilitazama kanga ya mama yangu.   Chebet akaunyoosha mkono juu ya meza, akaupitisha kando ya hotpoti, akashika wangu. Akamjibu mama yake kwa Kiswahili.

"Namjua. Wapatie chai, Mama."

Mama Jerop aliutazama ule mkono kwa muda mrefu. Halafu akaenda jikoni, tukasikia sufuria.

Kuagana

Chai ilikuwa ya maziwa, imechemka mpaka imekuwa kahawia. Aliniwekea mimi kwanza, kisha Divine, akapanda juu kubadili nguo. Jerop alifunga hadithi huku analia, nasi tukamfuata. Msafara wa chumvi uliondoka bila mlinzi wa daraja. Ile picha mliyoiona Divine aliipiga hapo, ndiyo maana macho yetu mekundu. Nje, Mama Divine amerudi kutuchukua, tukisubiri gari lipashwe moto, Chebet aliniambia kwa Kiingereza chake kwamba pale mezani yeye hakuwa anacheza, kama nilikuwa nina shaka. Nikamwambia hata mimi. Tulibaki tumeshikana mikono kama watu waliopewa kitu cha kushika na hawajui wakiweke wapi.

Nilikuwa nimeshafungua mlango wa gari Mama Jerop alipotoka na ndala zake. Nilidhani nafukuzwa rasmi. Alisimama karibu nami, akaongea kwa sauti ndogo ili Mama Divine asisikie. Alisema hajui atamwambia nini baba yake Chebet, na hajui yeye mwenyewe anafikiri nini, atahitaji siku nyingi za kuomba juu ya jambo hilo, na nisitegemee mteremko. Niliitikia. Alisema pia kwamba miaka hii yote amekuwa akimwongelesha mtoto wake na kujibiwa na mgeni, na leo kwa mara ya kwanza mtoto wake amemjibu. Alijifuta uso kwa kiganja, kama anayefuta jasho.

Nikasema asante mama, nikajiandaa kuingia. Akanishika bega.

"Sikiza. Siku ingine usitume mtu kwangu. Utakuja mwenyewe."